Naomba ule Mteremko wa Juu ya Zizi

Milima ya Golan,
mwisho wa mavuno ya matufaha

Tata yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia tena mara ya pili, maana ile ya kwanza najua umeiitikia huku unatafuta miwani. Kile kikohozi kimekuachia? Mama bado anaamka kabla ya jogoo na kulalamika kwamba watu wa nyumba hii wanalala kama magogo? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au anaendelea kututania? Na mvua za vuli, zimeshafika Matongo au zinaishia kunguruma upande wa Kenya na kugeuza? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa kwa mikate yao, ngozi ya mikono imekuwa ngumu kama yako, na baridi ya huku imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili.

Umesema mara nyingi kwamba maneno ya simu ni upepo, mtu anayatoa leo na kesho anayakana. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anaibeba mwenzangu, yule binti wa Issenye niliyekuja naye kwenye mafunzo ya kilimo. Yeye amemaliza, anarudi Serengeti kwao. Ataiacha dukani kwa shangazi pale Bomani, na shangazi ataipandia bodaboda mwenyewe mpaka kwako, kwa sababu unamjua, hamwamini mtu.

Sasa kaa vizuri, Tata. Nilipanga nianze na habari ndogo ndogo, nikusogeze taratibu, lakini nimeshindwa. Naomba ule mteremko wa mawe ulio juu ya zizi. Naomba unipe mimi, binti yako, ukiwa hai na unatembea kwa miguu yako, nipande miti ya matunda. Basi, nimeshasema. Usiikunje barua. Isome mpaka mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Ngoja nikueleze niliko, maana uliniambia Golan ni jina unalolisikia redioni tu na kila ukilisikia unazima. Ni milimani, juu kweli kweli, pana baridi kuliko hata kule juu ya Tarime wanakolima kahawa. Ardhi hii nchi mbili zinaigombania tangu hujamwoa mama. Israeli ndiyo inayoitawala, Syria inasema ni yake, na uzio umepita katikati. Nikiwa juu ya ngazi yangu ya kuchumia naona mashamba ya upande wa pili na moshi wa majiko yao. Umm Salman, mama wa nyumba ninayofanyia kazi, ana dada yake huko ng'ambo. Zamani walikuwa wanapanda kilimani, huyu huku na huyu kule, wanaitana kwa vipaza sauti kujuliana hali. Sikufichi kwamba zipo siku ndege za vita zinapita na tunaambiwa tuingie kwenye chumba cha zege. Lakini siku nyingi kelele kubwa hapa ni ya trekta, na ya Umm Salman akiita watu waje kula.

Wenyeji wa kijiji hiki ni Wadruzi. Wanasema Kiarabu, na nilifurahi kama mtoto siku ya kwanza niliposikia kahawa, sukari na sabuni vikitajwa mezani. Dini yao hawaihubiri. Huwezi kuingia na wao hawatoki. Wapo walioishika sana, wazee wa kofia nyeupe na suruali nyeusi pana, na wanawake wa mitandio myeupe. Wengine wanaishi kwa adabu tu na hawajui mengi ya ndani. Alhamisi jioni wale walioshika dini huenda kwenye nyumba yao ya sala. Wakirudi siulizi, nao hawanielezi, na tunapendana hivyo hivyo. Wanaoana wenyewe kwa wenyewe pia, kwa hiyo mwambie mama aache kuhangaika kuhusu mkwe Mwarabu. Hapa hata ningetaka, hakuna wa kunioa.

Utacheka kwa hili. Wana majani yao fulani, kama ya chai, yaliletwa na ndugu zao waliokwenda kutafuta maisha Amerika ya Kusini. Wanayatia kwenye kikombe kimoja, wanamimina maji ya moto, na wanakunywa kwa mrija wa chuma. Kikombe ni kimoja na mrija ni mmoja, vinazunguka. Nilipoona wazee wamekaa duara, kila mmoja anavuta mrija akiwa amefumba macho, nilisema mimi watu hawa nawajua. Kasoro mtungi wa pombe ya mtama tu. Pombe yenyewe usiwatajie, walioshika dini hawaigusi.

Mwenye shamba anaitwa Abu Salman, yaani baba yake Salman. Nao humwita mtu kwa jina la mwanawe wa kwanza wa kiume, kama wewe unavyoitwa Baba Chacha. Ni mzee mwenye masharubu makubwa na maneno ya utani, na anaijua miti yake mmoja mmoja kama wewe unavyowajua ng'ombe. Salman mwenyewe ni daktari wa meno, anakuja kusaidia wakati wa mavuno na analalamika mikono inamuuma. Anayeliendesha shamba hasa ni dada yake, Rima, ambaye ndiye mwalimu wangu.

Rima alinifundisha kwamba tufaha halivutwi. Unalilaza kiganjani, unalinyanyua na kulizungusha kidogo, linakuja lenyewe na kikonyo chake. Ukilinyofoa kama hindi, unang'oa na jicho ambalo lingetoa tunda mwakani. Wakati wa masika yao, matunda yakiwa madogo kama gololi, tulipita kuyapunguza, kila kishada tunabakiza moja tu ili linenepe. Tata, nilisikia uchungu! Kutupa chini chakula kibichi, mimi niliyelelewa na mama anayeokota hata punje ya mtama iliyoanguka uani! Mwezi huu nimeyaona yaliyobaki. Tufaha moja linajaza mkono mzima, jekundu upande wa jua na kijani upande wa kivuli. Ukiling'ata, maji yanakumwagikia mpaka kwenye kiwiko. Ningekutumia, lakini uwanja wa ndege hawaruhusu hata mbegu.

Rima aliolewa kijiji cha chini, ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Sasa hapa ndipo nilipoanza kufikiri. Kwa hawa watu, binti akiachika, au asipoolewa kabisa, ana chumba nyumbani kwa baba yake mpaka siku anakufa. Hakuna wa kumsema. Kaka zake wanakua wakijua chumba kile ni chake na watakirithi wakiwa na yeye ndani. Cha Rima kina dirisha kubwa linaloangalia miti, na Umm Salman ndiye aliyemchagulia mapazia.

Kisha ikaja ile siku ambayo kijiji kizima bado kinaisimulia, na kila wakiisimulia wananitazama mimi.

Tulikuwa tunamalizia safu za mwisho. Mimi nipo juu ya ngazi, mfuko umejaa kifuani, nikaona wazee wa kofia nyeupe wanaingia shambani wakiwa wamenyamaza, mikono nyuma. Wiki ile Abu Salman alikuwa amekwenda hospitali mara mbili. Nikamwona anatoka mbele yao, anatembea polepole, Salman kulia na Rima kushoto. Kila akifika penye mti mkubwa anauwekea mkono, anasema maneno, wazee wanatikisa kichwa. Nyuma yao Umm Salman anajifuta macho kwa mtandio.

Unakumbuka babu alivyofanya, Tata? Aliwaita wanawe mpaka zizini akawaonyesha ng'ombe, huyu wa fulani, yule madoa wa fulani, na kabla mnada mwingine haujafika tukawa tumemzika. Kwetu mzee akianza kugawa huku anatembea, watu wanaanza kutafuta mbao. Nilijua moja kwa moja kwamba daktari amemwambia jambo na mzee anaaga miti yake.

Basi nilishuka ile ngazi sijui kwa miguu gani. Nikaweka mikono kichwani na kupiga uwi, uwi kabisa, ule wa kwetu wa kuamsha mlima wa pili. "Uwiii! Tata weee! Unatuachia nani!" Mfuko ukafunguka, matufaha yakabingirika chini ya miguu ya wale wazee watakatifu. Nikajitupa chini mbele ya Abu Salman na kugaragara, na udongo nikajipaka. Nililia kwa haki, Tata, sikuwa naigiza. Nampenda yule mzee.

Wazee walirudi nyuma wote kwa pamoja, maana aliyeshika dini hamgusi mwanamke asiye wake. Abu Salman akamuuliza Rima, "Ameumwa na nyoka?" Salman akawa ananivua buti kutafuta alama ya meno. Mimi naendelea tu kulia, nasema kwa Kiarabu changu kibovu kwamba mzee asife, asife kwanza. Hapo Rima ndiye aliyeelewa. Akawaambia. Halafu Abu Salman akatafuta kreti ya kukalia ili acheke vizuri.

"Huyu binti anataka kunizika na mavuno hayajaisha!" alisema. Hata wazee wa dini walicheka mpaka kofia zikawapinda. Hospitali alikwenda kupima macho, na Umm Salman alikuwa analia kwa furaha tu. Kumbe kwao ni jambo la kawaida. Mzee mwenye akili hangoji kitanda. Anagawa akiwa na nguvu, mbele ya mashahidi, na desturi yao inamruhusu kumpa anayemtaka, mwana wa kiume au wa kike, na hakuna wa kufungua mdomo. Nilipokaa kitako na kufuta makamasi, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kama alivyoyasema.

"Binti yangu, nikigawa nikiwa hai nitawaona wakilima. Nitakuwa hapa kuwagombeza. Nikifa, sisi tunaamini roho haikai, inazaliwa upya siku hiyo hiyo katika nyumba nyingine. Huenda nikazaliwa kwa jirani, nikaja kuiba matufaha ya Rima. Naye asinipige, ajue ni baba yake."

Matufaha ya Rima, Tata. Alimpa Rima shamba la juu, lile bora, lenye miti inayozaa sana na ukuta wa mawe uliojengwa na babu yake. Linagusa uzio wa mpaka. Salman akapata la chini na nyumba. Nilimkazia macho Salman nione kama uso utabadilika. Aliinama, akabusu mkono wa baba yake, kisha akamgeukia dada yake na kusema, "Sasa baridi ikiunguza maua usinipigie simu, mimi nitakuwa nang'oa meno." Mambo yakaishia hapo, tukaenda kula.

Mezani Abu Salman akaniuliza, "Na wewe, baba yako amekupa shamba gani? Ukirudi utapanda wapi haya yote uliyojifunza?" Nikajibu kwamba baba yangu ana ardhi kubwa. Si uongo. Yeye akasubiri niendelee, mimi nikachukua mkate. Hakuuliza tena, na ile heshima yake ya kutouliza ndiyo iliyonikosesha raha siku zilizofuata.

Tata, nisemalo sasa silisemi kwa kulaumu. Shangazi alipoachika akarudi kwako, ulimpokea, kweli, hukumfukuza. Lakini alilala jikoni. Nilikuwa mdogo, nilikuwa naamka namkuta ameshakunja kirago chake ili mtu asione kwamba pale palilala mtu mzima. Baadaye akaenda Bomani akafungua duka, na leo sote tunakwenda kwake tukikwama. Najua unampenda dada yako. Nadhani hata wewe hukupenda alale pale, ila hapakuwa na mahali palipoitwa pake. Mimi sijaolewa na sijaachika, na simwombei mtu mabaya. Ila nataka pawepo mahali pangu kabla sijahitaji.

Na sikuombi kwa huruma. Nina hesabu ya kichwani inayonifanya nicheke peke yangu nikiwa shambani! Ule mteremko unaoulaani kwa mawe, hayo mawe ndiyo mali. Hapa wanayapanga kuta fupi zinazokata mteremko, udongo hauondoki na maji yanazama. Matufaha kwetu hayatakubali, Rima ameniambia kweli, mti wake unataka baridi kali ulale ndipo uchanue. Nitapanda parachichi za kuunganisha, na kuunganisha nimekujua mpaka Abu Salman ananiachia visu vyake. Kwenye zile kuta tutapandisha pesheni. Kijito kipo chini. Na ule upepo wa pale juu unaosema unavunja migongo ya mbuzi, tutauzuia kwa safu ya miti.

Nakusikia. "Wewe Robhi, matunda ni chakula cha watoto na nyani." Halafu unasema lile hasa linalokusumbua, mpaka wa shamba. Upande wa juu wa mteremko ni wa ukoo mwingine, na tangu zile fujo za mishale kati yetu na wao hakuna anayelima pale, wao wala sisi, ng'ombe tu wanapitisha ndimi. Hili nalo nilimuuliza Abu Salman. Nilitaka kujua kwa nini babu yake aliyahangaikia mawe kwenye shamba la mwisho kabisa. Akaniambia shamba likiwa tupu kila mtu hulitazama kama lake, lakini penye miti iliyopogolewa hata mgomvi huuliza kwanza mwenyewe yuko wapi. Ukinipa, nipe mbele ya watu. Waite na wazee wa upande wa pili, waje na mirija yao, waonyeshe wenyewe mpaka wanaoujua, na mti wa kwanza tuupande wakiwa wanatazama. Matunda yakiiva watoto wao watakuja kuiba, na mimi nitajua amani ipo.

Chacha nimeshamwambia kwa simu, usije ukadhani namzunguka kaka yangu. Alikuwa ametoka kwenye mashimo ya dhahabu, anapumua kwa nguvu. "We Robhi, si hapo ndipo nilitaka kujenga?" Nikamwambia ajenge chini karibu na barabara, bodaboda ifike mlangoni, mke wake asibebe maji kupanda mawe. Akacheka. "Aisee, huko wamekufundisha maneno. Haya, Tata akisema sawa, mimi ni nani? Lakini hayo maparachichi usije ukaniuzia. Mimi nakula bure." Kwa hiyo lililobaki ni neno lako peke yake.

Na neno hilo nalihitaji, maana mambo yamebana. Wenye mafunzo wameniuliza kama nitasaini mwaka mwingine. Wanaanza kupogoa baridi ikiingia na wanataka kujua. Rima anataka nibaki, amenitengea hata safu yangu. Kama hapo nyumbani hakuna pa kupanda, nitabaki, na mwaka unaofuata labda nitabaki tena, na polepole nitakuwa mtu wa kupanda miti ya watu. Kama mteremko upo, naja kabla mvua za masika hazijaanza.

Nisalimie mama, mwambie gauni alilonishonea linanibana sasa, ajue ninakula vizuri. Nisalimie bibi Nyangi, mama yako, umwamkie kwa sauti kubwa upande wa sikio zima. Msalimie mke wa Chacha na yule mtoto wao ambaye sijamshika. Shangazi atakuwa amekaa hapo hapo wakati unasoma, maana hataondoka bila kujua kilichoandikwa. Msomee yote, na ile sehemu yake usiiruke. Jirani yetu Mwita mfua vyuma mwambie aanze kunifikiria visu vya kupogolea.

Usihangaike kuniandikia, najua kalamu na wewe hamwelewani. Ukikataa, usifanye lolote, nitaelewa na nitasaini. Nitalia kidogo, halafu nitakwenda kazini. Ukikubali, panda pale juu na jembe lako wewe mwenyewe, si la Chacha. Uchimbe shimo moja, la kina cha goti, sehemu yoyote unayotaka nianzie. Mama atapiga picha kwa simu yake na kunitumia, bila maneno. Nitakuwa naitazama simu hata nikiwa juu ya ngazi, na Rima ameshanionya kwamba nitaanguka.

Shimo moja tu, Tata, na mimi ninakuja kulijaza.

Binti yako,
Robhi